Fegi au vepu, ipi inakula mfuko zaidi?

Toka tuanze kuongelea matumizi ya nyumbani kwenye ukurasa huu maswali ya sigara hayajakatika, na karibu yote yanauliza kitu kimoja, je nikihama fegi niende vepu, yaani sigara za umeme zinazochemsha maji ya nikotini, ntaokoa pesa? Nimechagua barua tano. Bei nilizopigia hesabu ni zile wasomaji wenyewe wameandika wanalipa, manake duka la huku na la kule hazifanani, kwa hiyo wewe weka bei yako alafu ufuate njia ile ile.

SWALI: Dada habari ya kazi. Mimi ni mtu wa bodaboda hapa Kayole, navuta fegi kama kumi kwa siku, nanunua moja moja dukani 20 bob kwa sababu pakiti nzima nikiibeba naimaliza siku hiyo hiyo. Kuna jamaa wa stage akaniambia niachane na hizo nichukue vepu, ati ni bei rahisi na nguo hazinuki. Nikatoa 2,000 nikapata ya kutupa imeandikwa pafu 6,000, nikajua mwezi mzima nimejipanga. Ilinifikisha siku nane tu ikakata. Saa hii niko na ya pili na hiyo pesa ya kuokoa bado siioni. Niliuziwa feki ama nini?
*Boda, Kayole*

JIBU: Kaka pole, pesa ya boda ni ya jua na mvua na haifai kupotea hivyo. Feki ziko nyingi sokoni na inawezekana uliuziwa, lakini hata ingekuwa orijino kabisa hesabu isingekupendeza, hebu tazama. Fegi kumi za 20 ni 200 kwa siku, 6,000 kwa mwezi, 73,000 kwa mwaka. Vepu ya 2,000 inayokwenda siku nane ni 250 kwa siku, yaani 7,500 kwa mwezi, na mwaka ukiisha umepita 91,000. Kwa hiyo uliyohisi ni kweli, umeongeza matumizi.

Hiyo namba ya pafu, yaani mivuto, isikutawale. Inapimwa na mashine inayovuta sekunde chache alafu inapumzika, na pafu ikifupishwa namba ya kwenye boksi inapanda bila juisi, yale maji ya nikotini, kuongezeka hata tone. Wewe uko stage unangoja mteja, unavuta ndefu, unarudia, unarudia tena. Cha kuangalia kwenye boksi ni vitu viwili tu, mililita na nguvu ya nikotini. Tuseme yako ilikuwa na mililita 12 za asilimia 5, ambazo mtaani ziko nyingi. Asilimia 5 maana yake miligramu 50 kwenye kila mililita, kwa hiyo ndani mlikuwa na miligramu 600 za nikotini. Ukizimaliza kwa siku nane ni kama miligramu 75 kwa siku. Sasa sigara moja mwili wako unachukua kama miligramu 1 hadi 1.5 za nikotini, kwa hiyo kumi zilikuwa zinakupa 10 mpaka 15. Ni kweli ile ya vepu haiingii yote mwilini, nyingine unaipuliza nje na nyingine inabaki kwenye koili, ule waya unaochemsha juisi, lakini hata ukiikata nusu na nusu tena bado uko juu ya pale ulipokuwa na fegi zako kumi. Mwili umezoeshwa dozi mpya na dozi mpya ina bei yake.

Na wewe mwenyewe umeshaandika sababu kwenye barua yako bila kujua. Unanunua fegi moja moja kwa kuwa pakiti ikiwa mfukoni unaimaliza. Fegi ina mwisho, inaungua, unaizima, ukitaka nyingine lazima utoe 20 na uvuke barabara, na hapo katikati mteja anakuja unasahau. Vepu haina mwisho wa namna hiyo, iko mfukoni siku nzima, haihitaji kiberiti, hakuna majivu, hata hujui leo umevuta kiasi gani. Hiyo ndiyo pakiti uliyokuwa unaikimbia kaka.

Sasa kama unataka kweli vepu ikuokolee pesa achana na za kutupa, manake kila ukinunua unalipia betri upya alafu unaitupa. Ile ya kujaza, tuseme kifaa 3,000 mara moja, chupa ya mililita 30 kwa 1,800, na podi, vile vikopo vya juisi vinavyochomekwa kwenye kifaa, mbili kwa mwezi za 500 kila moja. Ukitumia mililita 2 kwa siku chupa inaenda siku 15, kwa hiyo mwezi ni 3,600 ya juisi na 1,000 ya podi, jumla 4,600. Umeokoa 1,400 kwa mwezi na baada ya miezi miwili na kitu kifaa kimejilipa. Lakini ukipanda mpaka mililita 3 kwa siku unafika 6,400 na umeshaipita ile 6,000 ya fegi. Yaani kati ya kuokoa na kupoteza kuna mililita moja tu. Ndio maana ntakuambia ufanye hivi: podi nyingi zinachukua mililita 2, ijaze asubuhi mara moja, chupa iache nyumbani, ikiisha imeisha mpaka kesho. Na usichukue juisi ya nguvu ndogo sana ukidhani ni busara, manake mwili unatafuta nikotini na hauhesabu mililita, ukiwa na ya miligramu 3 kwa kila mililita utamaliza chupa haraka haraka. Kwa mtu wa fegi kumi, miligramu 20 inatosha, na hiyo ndiyo kikomo cha sheria kule Ulaya. Juisi tamu tamu nazo zinachoma koili haraka, ukipenda fleva ya pipi jiandae kununua podi kila mara.

Kuna jambo lingine nataka ulijue kwa sababu linaweza kubadilisha hesabu yote. Ushuru wa Kenya kwa viwango vilivyoanza mwishoni mwa Desemba 2024 ni shilingi 4,100 kwa sigara elfu moja, yaani 4.10 kwa fegi. Kimiminika cha nikotini cha vepu ni shilingi 100 kwa kila mililita. Sasa piga mwenyewe: fegi zako kumi zina ushuru wa 41, mililita zako 2 zina ushuru wa 200. Chupa ya mililita 30 peke yake ushuru ni 3,000, na wewe unaipata dukani kwa 1,800. Bei ikiwa chini ya ushuru wake jua hiyo chupa imepita njia ya pembeni, hujui imechanganywa wapi na nani, na siku msako ukikaza bei itaruka na wewe utakuwa umeshazoea. Kwa hapa nyumbani hiyo nafuu ya vepu unayoambiwa imesimama juu ya mzigo usiolipiwa, mimi siwezi kukuambia ujenge bajeti ya familia juu ya hicho.

Ile 73,000 yote inarudi mfukoni kwa njia moja tu nayo ni kuacha. Ukitaka mtu wa kuongea naye piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, simu hailipiwi, na wanaongea na watu wa sigara pia.

SWALI: Dada mpendwa, mume wangu alikuwa anamaliza pakiti nzima kwa siku, 350. Mwaka huu akaanza vepu, anasema sasa anavuta fegi tano tu na tunaokoa pesa nyingi. Mimi nashukuru kwamba amepunguza, ila pesa ya nyumba naona ni ile ile na karo bado tunakimbizana. Nikiuliza inakuwa ugomvi. Vepu ananunua tatu kwa mwezi, moja ni 2,400.
*Mama wa watatu, Nakuru*

JIBU: Mama, wewe unaona sawa sawa. Zamani ilikuwa 350 kwa siku, 10,500 kwa mwezi. Sasa hivi fegi tano akinunua moja moja kwa 20 ni 100 kwa siku, 3,000 kwa mwezi, ongeza vepu tatu za 2,400 ambazo ni 7,200, unapata 10,200. Mmeokoa shilingi 300 kwa mwezi mzima. Yeye hakudanganyi, anaona pakiti hanunui tena na moyo wake umetulia, ila pesa imetoka kwa mlango mwingine, kubwa kubwa mara tatu, na hizo za mara tatu huwa mtu hazikumbuki kama anavyokumbuka za kila siku. Msikae kubishana kwa maneno, aombe taarifa ya M-Pesa kwa *334# mkae nayo pamoja jioni moja, mpige mistari kwenye kila malipo ya duka la vepu na kibanda. Karatasi haina hasira.

Lakini mimi hizo fegi tano zinaniuma kuliko hizo pesa. Watu wengi sana wako hapo, vepu mchana, fegi za baada ya chakula na za usiku, na wanaamini wameshatoka kwenye hatari kwa robo tatu. Kwa moyo na mishipa haiendi hivyo. Kuna uchambuzi mkubwa ulichapishwa na jarida la BMJ mwaka 2018, ukaonyesha kwamba mtu wa sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mtu wa ishirini. Moja tu mama! Faida ya vepu kwa mvutaji inatokana na kutochoma kitu, hakuna lami wala kaboni monoksidi ile ya moshi, sasa kama kila siku bado anawasha tano hiyo faida anaimwaga, na pesa analipa ya pande mbili.

Kwa hiyo usimwambie aache vepu kwanza. Mwambie hizo tano ndizo ziondoke, achague tarehe, azimalize zote kwa mkupuo badala ya kuvuta kamba mwaka mzima. Zikishatoka mna 3,000 kila mwezi mkononi bila kugusa kitu kingine. Vepu atashughulika nayo baadaye kwa kushusha nguvu ya nikotini pole pole. Na kama siku moja atahamia za kujaza, ile chupa ya juisi iwekwe juu kabisa na ifungwe, una watoto, nikotini ya maji ni sumu na zile chupa zina rangi na harufu ya pipi.

SWALI: Salaam kutoka Leicester. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, shifti za usiku, na pakiti ya 20 nanunua pauni 16 naimaliza kwa siku mbili. Kila mwezi natuma pesa nyumbani Tanga na kila mwezi najiambia ntaacha. Wenzangu wote wamehamia vepu ila nasikia kodi yake inakuja, sasa nihame ama nimechelewa?
*Mtanga, Leicester*

JIBU: Kaka, kwako hesabu imekaa tofauti kabisa na ya huyu ndugu wa Kayole na sababu ni kodi. Uingereza wameipandisha sigara miaka na miaka, sehemu kubwa ya hizo pauni 16 inaenda serikalini, kwa hiyo hata vepu ikitozwa bado pengo ni kubwa.

Wewe sasa uko pauni 8 kwa siku, yaani 2,920 kwa mwaka. Za kutupa huko zimepigwa marufuku toka 1 Juni 2025, kwa hiyo tuongelee ya kujaza. Tuseme chupa ya mililita 10 unaipata pauni 3.50 na unatumia mbili kwa wiki, podi moja ya pauni 3, ni pauni 10 kwa wiki, 520 kwa mwaka, na kifaa cha kuanzia tuseme 20. Ushuru uliopangiwa kuanza 1 Oktoba 2026 ni pauni 2.20 kwa kila mililita 10, na VAT inakaa juu yake, kwa hiyo chupa inapanda 2.64. Kwa chupa mbili ni 5.28 kwa wiki. Jumla mpya ni kama pauni 15 na senti 28 kwa wiki, karibu 795 kwa mwaka. Na siku hiyo hiyo sigara nazo zimepangiwa kupanda pauni 2.20 kwa kila mia moja kabla ya VAT, walifanya makusudi ili watu wasirudi kwenye sigara. Ukiweka yote bado unabaki na zaidi ya pauni 2,000 kwa mwaka. Hujachelewa hata kidogo.

Ila kabla hujatoa hata hiyo 20 ya kifaa nenda kwenye huduma ya kuacha sigara ya halmashauri yako, ni bure, na sehemu nyingi wanatoa vepu ya kuanzia bure, mpango wenyewe ulitangazwa 2023 kwa wavutaji milioni moja. Kama vepu huitaki kuna plasta za nikotini na kuna vidonge. Kitu kikubwa zaidi ni kwamba unapata mtu wa kukufuatilia kila wiki. Nasema hivi kwa sababu kuna utafiti ulifanyika huko huko Uingereza kwa watu 886, ukachapishwa 2019, wote walipewa ushauri wa ana kwa ana, nusu wakapewa vepu na nusu plasta na mfano wake. Baada ya mwaka mmoja waliokuwa hawavuti tena sigara walikuwa asilimia 18 upande wa vepu na asilimia 9.9 upande wa pili. Kwa hiyo vepu inasaidia, lakini hata huko kwenye msaada wote wengi walirudi, usijione dhaifu ukianguka mara ya kwanza, rudi tena kwa yule yule mshauri. Na wale waliofaulu kwa vepu wengi wao bado walikuwa wanaivuta mwaka ulipoisha, kwa hiyo weka na tarehe ya kutoka kwenye vepu, hiyo 795 nayo ni pesa ya Tanga.

Shifti za usiku ndizo zitakazokujaribu. Ile saa tisa ya usiku mnapotoka nje kupunga upepo, toka na kitu kingine mkononi.

SWALI: Mambo dada, niko chuo Dar, sijawahi kuvuta sigara maishani. Marafiki zangu wote wana vepu, za elfu 35, wanasema inaenda wiki mbili na ni nafuu kuliko sigara na haina madhara. Nimejaribu ya mwenzangu, ni tamu. Ninunue?
*Mwaka wa pili, Dar*

JIBU: Usinunue mdogo wangu. Nafuu kuliko sigara ni nafuu kwa mtu anayenunua sigara, wewe hununui, kwako inaanzia sifuri. Elfu 35 kila wiki mbili ni laki tisa na elfu kumi kwa mwaka, na wewe uko chuo. Haina madhara sio kweli, ina madhara machache kuliko moshi wa sigara na hiyo inamsaidia aliyekuwa anavuta moshi. Ubongo wa umri wako bado unajengeka mpaka kwenye miaka 25 hivi na nikotini inashika haraka sana kwa vijana. Huo utamu ni fleva, ukiisha kuzoea utakuwa unanunua ili tu usijisikie vibaya asubuhi. Wenzako ukikaa nao kaa nao, ila usipokee mkononi, hasa kipindi cha mitihani.

SWALI: Asalaam aleikum mwanangu. Kijana wangu amepata kazi ya udereva Muscat, anaondoka mwezi ujao. Anavuta vepu na anataka kubeba kadhaa kwenye begi, anasema huko zitakuwa ghali. Mimi nina wasiwasi, nasikia Dubai zinauzwa madukani.
*Mama wa Kisauni, Mombasa*

JIBU: Waaleikum salaam mama, shikamoo. Wasiwasi wako una maana na naomba umsomee haya leo leo. Dubai iko nchi nyingine na sheria nyingine, Imarati, yaani Falme za Kiarabu, waliruhusu vepu 2019 na wakaziwekea ushuru wa asilimia 100. Oman, ambako ndiko Muscat iko, imepiga marufuku kuziuza na kuzisambaza, Qatar nayo imepiga marufuku, kwa hiyo hata kama atapita tu Doha kubadilisha ndege asiwe nazo. Mtu anayeingia na kadhaa kwenye begi ataonekana anakuja kuuza, na kijana aliyetoka kulipia viza na tiketi hana pesa ya faini wala kazi yenyewe haijaanza. Kama wenzake wanapitia Uganda huko nako sheria ya 2015 imezikataza.

Na asiseme basi ntavuta sigara nikifika, Oman wana ushuru wa asilimia 100 kwenye tumbaku toka 2019, mshahara wa kwanza utaishia hapo. Mwezi mmoja mlio nao unatosha kuanza. Apunguze nguvu ya juisi wiki hii na wiki ijayo, aulizie plasta za nikotini kwenye famasi, abebe za kumtosha wiki za mwanzo zikiwa kwenye boksi lake na risiti, na vepu zote aziache nyumbani kabla hajafunga begi.